Watoto Wamerudi Kutoka Kambini: Nani Atatunza Makaa?



Jumamosi iliyopita vijana wetu walirudi kutoka kambi ya likizo kubwa. Wengi wenu mliwaona wakipita na magodoro kichwani, sauti zimekauka kwa kuimba, miguu imekuwa myeupe kwa vumbi la kiangazi. Mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala kando ya njia aliwauliza kwa utani, "Wanangu, huo moto utafika kweli siku ya kufungua shule?" Watu wakacheka, na sisi tukacheka pamoja nao. Lakini swali lake tulikwenda nalo nyumbani. Mwaka jana jibu lilikuwa hapana. Na katika ile hapana, sisi walimu tulikuwa na sehemu yetu, na wazazi nao walikuwa na yao.

Ndiyo maana wiki hii tunaomba tuzungumze juu ya siku zinazofuata kambi, maana siku za kambi zenyewe zina wachungaji, waimbaji na wapishi. Siku zinazofuata zina mama peke yake.

Neno "kambi" lenyewe

Kwanza tuelewane juu ya neno. Hapa Fizi mtu akitamka kambi, moyo wa mama unaruka. Wengi wetu tulio na miaka thelathini na kitu tulivushwa ziwa tukiwa watoto mwaka 1996, tukalelewa Nyarugusu, upande wa Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kambi kwetu ni foleni ya unga na kadi ya mgao. Tangu mwaka 2015 tumeona ndugu zetu wa Burundi wakipokelewa Lusenda, nayo ni kambi. Tena kuna kambi za wenye bunduki, ambazo hakuna mama anayetaka kusikia mwanawe yuko huko. Basi tangazo la kambi ya vijana liliposomwa kanisani, bibi mmoja jirani yetu alisema, "Kambi tena? Bado hatujachoka?"

Tulimjibu kwa upole kwamba hii ni kambi ambayo mtoto anaingia kwa hiari yake na anaijua siku ya kutoka. Tukamkumbusha pia kwamba hata kule ng'ambo, katika shida yote, wengi wetu ndiko tulikojifunza kuomba. Tuliimba kwaya chini ya maturubai. Tulisoma shule ya Jumapili tumekaa juu ya mawe. Mungu hakuogopa neno kambi. Alitukuta humohumo.

Kambi ya mwaka huu ilikuwa ya siku tano, katika kiwanja cha shule, maana likizo ndiyo saa ambayo madarasa yako wazi. Wasichana walilala upande mmoja na wamama wawili mlangoni kila usiku. Wavulana walilala upande wa pili na walimu wao. Maji ya kunywa yalitiwa klorini na sabuni iliwekwa mbele ya choo, kwa sababu kipindupindu hapa kwetu hakiendi likizo. Bugali, sombe, maharage na ndagala vilitoka katika majumba yenu, kila mtoto na alichobeba. Tunawashukuru kwa kila kopo la unga. Asubuhi kila kijana alikaa peke yake chini ya mwembe na Biblia yake kwa nusu saa, bila kelele. Mchana ulikuwa wa mafundisho na mpira. Usiku tulikaa kuzunguka moto, nyimbo zikaimbwa, na aliyekuwa na neno alisimama akalisema.

Mtoto aliyebeba kitu ambacho hatukukiona

Sasa turudi mwaka jana. Tunasimulia kwa ruhusa ya mama mwenyewe, bila kutaja jina lake wala la mwanawe.

Alikuwa kijana wa miaka 16, mwanafunzi wetu, mpole, anayekaa benchi la nyuma. Usiku wa mwisho wa kambi alisimama mbele ya moto akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba wenzake walikuwa wanamvuta waende pamoja kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, na alikuwa ameshakubali, lakini sasa ameamua kubaki na kumaliza shule. La pili, kwamba yeye na kaka yake mkubwa hawasemezani tangu ugomvi wa nyavu za marehemu baba yao, na kwamba akifika nyumbani atamwomba kaka yake msamaha. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akamwombea. Sisi tukayaandika maneno yake katika daftari la ripoti ya kambi.

Alifika nyumbani jioni. Mama yake alikuwa ametoka shambani, upande wa Mutambala, na mzigo wa mihogo mgongoni. Walipokaa kula, kijana akaomba aombee chakula, halafu aseme neno moja kwa kaka yake. Kaka akacheka, "Ah, mchungaji amefika!" Na mama, kwa uchovu tu, akasema, "Mambo ya kambi yaache kambini. Kula bugali ungali moto."

Kijana akala. Hakusema tena.

Shule ilipofunguliwa Septemba benchi lake lilikuwa tupu. Alikuwa amepanda lori pamoja na wale wenzake. Tulikwenda kumwona mama. Alitusikiliza tukimweleza yale aliyoyasema mwanawe mbele ya moto, na tulipomaliza alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, hakuna aliyeniambia mtoto wangu amerudi amebeba nini."

Wamama, neno lile lilituumiza kwa sababu ni la kweli. Daftari lenye maneno ya mtoto wake lilikuwa kabatini kwetu. Tulimpa Mungu ripoti, tukampa kanisa ripoti, lakini aliyemzaa hatukumwambia kitu. Tulidhani kazi imekwisha siku kijana aliposimama. Kumbe siku ile ndiyo ilikuwa inaanza.

Neno tulilowapa vijana mwaka huu

Mwaka huu tulibadilisha mambo mawili. La kwanza ni namna ya kuwatia moyo.

Vijana wetu wamekwisha kugombezwa vya kutosha. Kila siku wanasikia kwamba kizazi hiki kimepotea na kwamba sisi zamani tulikuwa na heshima. Anayeambiwa kila siku kwamba amepotea, mwisho hatafuti njia. Kwa hiyo tuliamua kuwaambia habari za watu waliokanyaga udongo huuhuu na kunywa maji ya ziwa hilihili.

Tuliwasimulia juu ya tarehe 28 Novemba 1964. Siku ile, wakati wa uasi, wenye silaha walifika katika misheni ya Kikatoliki hapa Baraka. Frère Vittorio Faccin, miaka 30, aliamriwa apande gari akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, miaka 31, alitoka nje, naye akaamriwa apande. Hakupanda, wala hakukimbia. Alipiga magoti kando ya mwili wa ndugu yake, akauawa palepale. Siku hiyohiyo, huko Fizi mlimani, waliuawa Padri Giovanni Didonè na abé Albert Joubert. Huyu Joubert hakuwa mgeni: alizaliwa Mrumbi, kando ya ziwa letu upande wa Moba, na mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa Mwafrika. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira, na Kadinali Fridolin Ambongo ndiye aliyeongoza misa. Baadhi yenu mlikuwako.

Wengi wa vijana waliokaa mbele ya moto ule ni watoto wa CEPAC, wa CELPA, wa Metodisti Huru. Hakuna aliyeuliza, "Hao si wa kanisa letu?" Walinyamaza wote. Halafu msichana mmoja akauliza, "Yule padri angeweza kupanda gari. Kwa nini alipiga magoti?" Tukawarudishia swali wenyewe. Wakajibu mmoja baada ya mwingine, na jibu lililotugusa zaidi lilikuwa la kijana mdogo kuliko wote: "Hakutaka kumwacha ndugu yake peke yake chini." Katika nchi yetu ambayo kila mtu amefundishwa kukimbia, mtoto aliona kwamba kuna mtu aliyebaki.

Na tusisahau, wamama, hata aliyeshika bunduki siku ile alikuwa mtoto wa mama fulani.

Tuliwasimulia pia habari za Floribert Bwana Chui wa Goma, kwa sababu vijana wengi wanadhani ushujaa wa imani ni wa mapadri na wa zamani. Floribert hakuwa padri. Alikuwa kijana mwenye diploma, kama tunavyotamani watoto wetu wawe, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Aliwapenda watoto wa barabarani. Mwaka 2007 alikataa rushwa ya watu waliotaka kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 naye alitangazwa mwenye heri, huko Roma. Fikirini vizuri alikataa nini: alikataa chakula kibovu kifike kwenye sahani za watu asiowajua. Labda na sahani zetu.

Hatukuwaambia vijana waende kufa. Tumezika vya kutosha. Tuliwaambia kwamba hapana ya Floribert haikuzaliwa siku ya mwisho. Mtu anayekataa fedha kubwa mpakani, amekwisha kuzoea kukataa vidogo: kuiba jibu kwenye mtihani, kuficha chenji ya mama. Tukawaomba kila mmoja aandike kwenye karatasi ndogo jambo moja tu. Tulikataza kuandika "nitakuwa mtu mzuri," tukataka jambo linaloweza kuonekana kwa macho kabla ya mwisho wa Septemba.

La pili tulilobadilisha ni hili: Ijumaa jioni tuliwaita wamama. Mlikuja wengi, wengine na watoto mgongoni. Kila kijana alimtafuta mama yake, au bibi, au shangazi anayemlea, akamsomea karatasi yake pembeni, wao wawili tu. Hatukusikiliza. Tuliona tu wengine wanacheka, wengine wamefunika uso kwa kitenge.

Loisi, Eunike, na kaa la moto

Katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, mtume Paulo anamwandikia kijana wake. Anamkumbusha imani isiyo na unafiki, na anasema imani hiyo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mara tu baada ya kuwataja wanawake hao wawili, mstari unaofuata, anamwambia Timotheo auchochee moto wa karama aliyopewa. Tusome mistari hiyo miwili pamoja. Moto wa kijana na jina la mama vimekaa jirani.

Sisi tunaopikia mbabula tunaelewa. Asubuhi huna kiberiti, unafunua majivu ya jana, unatafuta kaa moja ambalo bado jekundu. Kama jana usiku ulilifunika vizuri, lipo. Kama ulilimwagia maji, hata upulize mpaka machozi yatoke, huwashi kitu. Kambi inapuliza. Mchungaji anapuliza siku tano, mwalimu naye anapuliza. Kulifunika kaa lisife usiku ni kazi ya nyumbani. Na neno moja la uchovu, kama lile la "yaache kambini," ni maji. Mama yule hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka, na hakujua anamwagia nini.

Basi tufanye nini wiki hizi?

Tumsikilize kabla ya kumtuma. Mtoto akirudi, kazi zimemngoja, ni kweli: maji, kuni, mdogo wake. Lakini mpe nusu saa. Muulize, "Uliandika nini?" Ukiwa hukufika Ijumaa, muulize leo.

Tusiigeuze ahadi yake kuwa fimbo. Akivunja sahani tusiseme, "Ndiyo wokovu wenyewe huo wa kambini?" Kijana akisikia hivyo mara tatu, mwaka ujao haandiki kitu. Ahadi yake aliitoa kwa Mungu. Sisi ni mashahidi wa kumsaidia, si polisi.

Tumpe mahali pa kuitimiza. Aliyeahidi kusoma anahitaji saa moja ya mwanga jioni kabla taa haijazimwa. Aliyeahidi kuomba msamaha anahitaji mama atakayemwambia kaka, "Nyamaza, msikilize mdogo wako."

Tuwe tayari kusikia mambo mazito. Kambi inafungua midomo. Binti anaweza kukuambia jambo alilofanyiwa, na aliyelifanya anaweza kuwa mtu anayekula nyumbani kwako au anayeheshimiwa kanisani. Mwamini. Usimuulize alivaa nini. Usiharakishe kupatana na familia ile kwa mbuzi. Kama jambo ni la juzi, mpeleke hospitali upesi, kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinafanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo, na mapema ni bora. Kama muda umepita, mpeleke vilevile. Kumwombea na kumpeleka hospitali havigombani.

Na tumpime upya kila mwaka, kama Hana. Hana alimtoa Samweli kwa Bwana akiwa mdogo sana, akamwacha hekaluni kwa Eli. Angeweza kusema, "Yuko nyumbani mwa Mungu, kazi yangu imekwisha." Lakini kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya pili, kinasimulia kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Fikirini mama yule anakata kitambaa bila mtoto mbele yake, anajiuliza, "Sasa amefika wapi? Mabega yake yamekuwaje?" Hakumshonea kanzu ya mwaka uliopita. Wengi wetu tunawavika watoto wetu kanzu ya zamani: huyu ni mvivu, huyu ni mkaidi, huyu ni kama baba yake. Mtoto amekua na sisi hatujampima.

Wale wasio na mama

Tuna vijana ambao Ijumaa jioni hawakumwona mtu wa kumsomea karatasi. Mama amefariki, au amebaki ng'ambo, au vita vimewatenganisha. Walikuwa saba. Wamama wa jikoni waliacha sufuria, wakafuta mikono, wakakaa nao. Tunaomba kila kikundi cha wamama kichukue kijana mmoja wa namna hiyo kwa mwaka mzima, bila hotuba na bila fedha nyingi. Ni kumwita Jumapili ale, na kumuuliza karatasi yake imefika wapi.

Kati ya wamama waliokaa na wale saba alikuwemo mama wa yule kijana wa mwaka jana. Aliomba mwenyewe kupika kambini. Mwanawe bado yuko Misisi. Hupiga simu Jumapili, mtandao ukipatikana, na mama hamgombezi tena juu ya kurudi. Alituambia kwamba siku moja alimwomba mwanawe aseme sasa lile neno alilotaka kusema mezani, akampa kaka yake simu, akatoka nje asiwasikilize. Walizungumza mpaka salio likaisha. Kaka hajasema waliambiana nini. Lakini kesho yake alishusha nyavu za baba kutoka darini, akaanza kuzishona zilipotoboka, na alipoulizwa akajibu tu kwamba mdogo wake ana haki na nusu.

Hatujui kama kijana atarudi benchi lake Septemba hii. Tumeliacha bila mtu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Mtoto wangu amerudi kutoka kambini, au kutoka safari yoyote, amebeba nini? Nimemuuliza?

2. Ni neno gani la uchovu ninalopenda kulisema, ambalo ni maji juu ya kaa?

3. Ni nani aliyenitunzia imani yangu nilipokuwa kijana, hapa au ng'ambo? Nimewahi kuwasimulia watoto wangu habari zake?

4. Katika mtaa wetu, ni kijana gani asiye na wa kumsomea karatasi?

Mungu awabariki, awape nguvu baada ya shamba na soko, na awape masikio jioni hii mtoto atakapofungua kinywa.